Python au JavaScript: uanze na ipi?

Ndugu, umesema unataka kuajiriwa kama mtengenezaji wa programu, na kwamba umeanza lugha za kuandikia programu za Python, Java na JavaScript kwa zamu bila kufika mbali na yoyote. Kwa maoni yangu, kinachokukwamisha ni kuhamahama. Kama lengo lako ni tovuti, shika JavaScript, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo vivinjari (programu za kufungulia tovuti, kama Chrome) huielewa moja kwa moja; kama ni uchambuzi wa data, au bado hujaamua, anza na Python, iliyotoka mwaka 1991 na ambayo haimfichii mwanafunzi makosa yake. Jaribu mwenyewe: ukijumlisha "5" iliyo ndani ya alama za kunukuu na 1, JavaScript hukupa "51" kimyakimya, ilhali Python hugoma na kukuonyesha mstari wenye kosa. (Kosa la namna hiyo liliwahi kunipotezea siku nzima.) Ukishachagua, kaa nayo miezi sita, utengeneze programu moja ndogo hadi mtu mwingine aweze kuitumia. Usiache kazi wala kukopa ili ulipie kozi kabla ya kusoma matangazo ya kazi unazozitaka na kumwomba mtu aliye katika fani aupitie mtaala wa kozi hiyo.