Kabla ya kuchagua bustani, amueni nani atabaki nyuma na mtoto

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Likizo imefika na una mtoto wa chini ya miaka mitatu. Utampeleka bustani gani ya burudani, na kwa nini?" Chini yake mkaongeza kwamba msomaji ataje hasa mahali penye michezo mingi na panapotoka picha nzuri za kumbukumbu. Nililisoma nikiwa jikoni, nikalirudia, nikaweka simu chini nikamaliza kukaanga samaki. Jibu lililonijia lilikuwa fupi: msimpeleke popote.

Sababu ninazo. Mtoto wa miaka 2 ana urefu wa sentimita 85 hivi. Vile vibao vya kupimia urefu vinavyosimamishwa penye mashine vinataka 100, vingine 120. Basi mmelipa kiingilio, mmepanga foleni, mtoto amesisimka mpaka anaruka mikononi mwako, halafu anapimwa na kuambiwa hapana. Hajui sentimita ni nini. Anachojua ni kwamba kaka yake amepita na yeye amezuiwa. Kinachobaki ni farasi wa kuzunguka na kidimbwi cha maji ya kifundoni, na kidimbwi hata beseni uani linatosha.

Halafu jua. Mnalijua jua letu la Januari na Februari. Kuna mahali, sitapataja, tuliingia saa nne asubuhi, na kufika saa sita kivuli chote kilikuwa mwavuli mmoja wa mkahawa, nao huketi chini yake mpaka ununue soda. Slaidi ya watoto ilikuwa ya bati. Binti ya dada yangu aliteleza mara moja tu, akafika chini analia, mapaja yameiva kwa nyuma. Na ikifika saa saba mtoto wa umri huo anataka kulala, hata umpeleke peponi. Atalala begani kwako huku wewe umebeba mkoba, chupa, viatu vyake na zawadi aliyoililia akaitupa.

Sisi tuliolelewa Mji wa Kale tulipelekwa kwenye mabembea ya Idi pale Makadara tulipoweza kushika mnyororo kwa mikono yetu wenyewe. Kabla ya hapo tulibaki nyumbani na nyanya, na sijasikia mtu aliyeathirika.

Nilikusudia kuishia hapo nitie sahihi. Lakini lile neno "picha" lilinichoma, na bila kueleza kwa nini nitakuwa sijajibu.

Sebuleni kwetu kuna picha iliyopigwa Haller Park, Bamburi, Disemba 2016. Nimempakata mwanangu wa pili, ana miaka miwili na miezi miwili, na twiga ameshusha kichwa hadi kwenye kiganja chake. Ulimi umetoka wote, rangi ya zambarau iliyokaribia weusi. Kila mgeni anayeketi kwenye kochi linaloielekea huisifu. Hakuna anayeona kwamba mkono wa mtoto umeshikwa kifundoni ili usirudi nyuma. Mkono unaoushika ni wangu.

Siku ile tulikuwa watu 11 kwenye matatu ya kukodi kutoka Changamwe. Walikuwepo mawifi wawili na watoto wao wakubwa, shemeji aliyekuja likizo kutoka Nairobi, mume wangu, na mama mkwe wangu. Haller Park watu wa Mombasa hamhitaji kuelezwa. Wa mbali niwaambie tu kwamba ndiko alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akamng'ang'ania kobe dume mkongwe aitwaye Mzee kama mwana na mzazi. Wageni wetu walitaka twiga. Kule unapanda jukwaa, unapewa vitembe vya chakula mkononi, na twiga anakula kiganjani mwako. Lakini kulisha kuna saa yake, na sisi tulikuwa tumechelewa kwenye msongamano wa daraja la Nyali.

Kwa hiyo tulipoingia nilikuwa na haraka. Watoto wakubwa walikimbia mbele. Mama mkwe ana magoti, anatembea pole pole, na hatua zake na za mwanangu zilikuwa sawa kabisa, basi wale wawili wakajikuta nyuma pamoja. Mimi nilikuwa natangulia nikirudi, natangulia nikirudi, nikiwahimiza.

Njia yenyewe inapita chini ya mivinje. Chini kumejaa yale majani yake membamba ya kahawia, ukikanyaga hakuna mlio. Niliporudi mara ya tatu nilimkuta kijana wangu amechuchumaa, makalio karibu yaguse ardhi, mikono juu ya magoti. Mbele yake jongoo alikuwa anakata njia. Mweusi, mrefu kuliko kidole changu cha kati, na miguu myekundu. Mimi ni mtu wa pwani, majongoo nimeyaona tangu kuzaliwa, lakini sikuwahi kumtazama mmoja kwa makini mpaka siku ile, na hata siku ile nilimtazama kwa sababu mtoto alikataa kunyanyuka. Miguu haiendi yote pamoja. Inakwenda kwa mawimbi, wimbi moja likifika kichwani jingine limeshaanza mkiani, na mwili wenyewe juu unateleza umetulia.

"Gari," mwanangu akasema.

"Ee, gari," nyanyake akamjibu. "La kwenda wapi?"

Akanyoosha kidole akamgusa. Jongoo akajikunja akawa kama bangili. Mtoto akashtuka, akamtazama nyanyake, kisha akarudi kumkodolea macho jongoo. Nikadhani yamekwisha, nikamshika mkono. Akaukwepesha. Alikuwa anangoja. Mtoto ambaye nyumbani hangoji hata uji upoe aliketi pale akingoja jongoo ajikunjue, na alipojikunjua akacheka kile kicheko cha tumboni, akamgusa tena, akangoja tena. Sijui ilikuwa mara ngapi. Mama mkwe alikuwa amekunja leso yake akaiweka juu ya jiwe, ameketi, hana neno.

Shemeji akarudi kutuita. Alipoona kinachotukawiza akaokota kijiti, akainama amwondoe jongoo atupwe kichakani tuendelee.

"Mwache," mama mkwe akasema. "Mtupa jongoo hutupa na mti wake."

Shemeji akacheka, akidhani anaambiwa atupe na kile kijiti. Mama hakucheka. Akainua mkono akaonyesha juu, kwenye mivinje. "Na hapa mti wenyewe ndio huu."

Akatueleza, nami huku natazama saa. Marehemu baba mkwe alifanya kazi kwenye machimbo ya saruji pale pale tulipokuwa tumesimama. Mama alisema zamani hizo hapakuwa na kivuli cha kumtosha kuku. Walichimba mwamba wa matumbawe mpaka chini, pakabaki peupe kama sahani, na mzee akirudi jioni macho yalikuwa mekundu kwa mng'ao. Ulipoanza mpango wa kupanda miti, wafanyakazi walisema ni kazi bure. "Mti ukashika," alisema, "lakini udongo ulitoka kwa hawa." Akamwonyesha jongoo kwa kidole kilichopinda, naye kijana akanyoosha chake kama nyanyake.

Hayo nilikuja kuyasoma baadaye. René Haller, Mswisi, alianza kazi ile mwaka 1971. Aina 26 za miti zilijaribiwa kwenye ule mwamba mtupu, zikashika 3 tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Shida ikawa majani. Yalianguka yakalala yalivyo, hayaozi, kwa ule ukali ulio ndani yake, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo ikaonekana kwamba jongoo mwenye miguu myekundu anayala. Wakakusanywa kwa mamia wakaachiliwa chini ya miti. Walichokula kikawa mbolea, mbolea ikabeba miti mingine, miti ikaleta ndege na wanyama. Kwa hiyo mwanangu alikuwa amechuchumaa mbele ya aliyeijenga bustani, nami ndiye niliyemvuta akamwone mgeni.

Maana nilimvuta. Niliona saa ya twiga inapita, nikamkwapua kwa makwapa nikamweka kiunoni. Alijinyoosha kama ubao, mjuavyo watoto wanavyofanya. Alilia njia nzima. Jukwaani kulikuwa na watu wengi, watoto wakubwa wanapiga kelele, na kile kichwa kikaja karibu, kikubwa kuliko mwili wake wote. Akauficha uso shingoni mwangu. Alikuwa amekunja ngumi. Nilimfungua vidole kimoja kimoja ili niweke vile vitembe. Nikamshika kifundo. Mume wangu akapiga picha sekunde ile ile alipogeuka kutazama ni nini kinachomlamba, mdomo wazi, na watu wote hudhani anacheka.

Mama mkwe hakupanda jukwaani. Tuliporudi tulimkuta pale pale juu ya jiwe. Hakunilaumu. Alisema tu, "Gari limeondoka," akimwambia mtoto, na mtoto akatazama chini akatafuta kwa muda, kisha akalala begani kwangu.

Mwaka jana nilimuuliza kijana kama anaikumbuka safari ile. Sasa ananifika begani. Akasema anamkumbuka twiga. Nikamuuliza zaidi, akanieleza shati nililovaa na namna nilivyompakata. Mtu aliyepakatwa hawezi kuona namna alivyopakatwa. Anachokumbuka ni picha ya ukutani. Nikamuuliza jongoo alikuwa na miguu ya rangi gani, akaniuliza, jongoo gani?

Nimefika hapa naona jibu langu la mwanzo halisimami. Nilianza nikisema msiwapeleke popote, na hoja za urefu na jua nazishikilia bado, kwa zile bustani za mashine. Lakini siwezi kusema kwamba mtoto wa miaka miwili hana faida na matembezi, wakati nimemwona kwa macho yangu akikaa robo saa nzima juu ya kitu kimoja, naye hajawahi kukaa hivyo kabla. Bustani haikuwa na kosa, na mtoto hakuwa na kosa. Tulikuwa watu 11 na hatukumteua hata mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kubaki nyuma. Aliyebaki alibaki kwa sababu ya magoti.

Basi swali lenu ningeligeuza hivi: katika msafara wenu, nani hana haraka? Mkimpata huyo, nendeni. Nami, kinyume na nilivyoanza, nitataja Haller Park, kwa kivuli chake na njia zake ambazo mtoto anaweza kutembea mwenyewe. Lakini nendeni siku ya kazi, asubuhi, mrudi kabla ya saa sita. Mkiwa na watoto wakubwa mgawanyike mlangoni na mkutane wakati wa kutoka. Mbebeeni maji na kitu cha kula, kisihitaji kununuliwa. Twiga mwacheni mpaka mtoto aombe mwenyewe, na asipoomba msimfungue vidole.

Kama unatoka Likoni, ukishavuka feri mtoto ameshachoka, hasa feri ikiwa imejaa. Ishia pale pale Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari. Hulipi kuketi, kuna mibuyu, kuna upepo, kuna viazi karai, na meli zinazoingia Kilindini zinapita karibu mpaka unawaona mabaharia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hata ningesema Mama Ngina ndiyo bora, ila ukingo ule na bahari chini yake unahitaji mtu asiyeondoa jicho hata kidogo. Mwenye watoto watatu peke yake asijaribu. Na mwenye mtoto anayeogopa wadudu, au anayetia kila kitu mdomoni, huyo asinisikilize mimi kuhusu majongoo, maana jongoo akisumbuliwa hutoa maji yanayowasha, na tulimnawisha kijana mikono mara mbili.

Mwezi ujao dada yangu ananiachia mjukuu wake kwa wiki moja, amefikisha miaka miwili juzi juzi. Kijana wangu ameshasema anataka kumpeleka kwa twiga, nami nimemwambia kwa twiga atakwenda yeye na babake. Mama mkwe nimempigia simu. Magoti yamezidi, lakini amekubali, kwa sharti aje na kigoda chake mwenyewe, kwani lile jiwe anasema lilikuwa baridi.

Msomaji wenu,
Mombasa