Maswali ya Wasomaji: Bonde la Msimbazi na mji unaostahimili mafuriko

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Kigogo, Dar es Salaam, jirani na Mto Msimbazi. Kila mwaka tunainua msingi kwa kifusi na kupanga viroba vya mchanga ukingoni, lakini mvua kubwa ikinyesha maji huingia ndani hadi usawa wa madirisha. Tunaambiwa kwamba mji unapaswa kujengewa uwezo wa kustahimili majanga. Je, tujengewe mitaro mikubwa zaidi, au ni lazima sote tuondoke bondeni?
Msomaji, Kigogo

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa adha hiyo. Mitaro inahitajika, na zipo nyumba ambazo haziwezi kubaki zilipo, lakini hayo mawili peke yake hayatawaokoa, kwa kuwa mafuriko yanayowafika Kigogo huanzia mbali na kwenu. Msimbazi hutiririka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita katika jiji ambalo halikufikisha watu 400,000 katika sensa ya mwaka 1967, na ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua sasa imefunikwa kwa bati, saruji na lami, hivyo maji hufika mtoni kwa wingi na kwa mara moja. Yanakuja na mchanga uliomomonyoka huko juu, ambao hutuama kwenye tambarare ya Jangwani na kupunguza kina cha mto, huku takataka zikiziba chini ya madaraja. Mto uliokosa kina hutafuta upana, na upana huo ndiko mnakoishi.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Wapo waliorudi bondeni, na mimi siwalaumu, kwa maana mtu anayebeba mizigo Kariakoo hawezi kumaliza ujira wake kwenye nauli. Kumhamisha mtu bila kuhesabu umbali wa kazi yake ni kumwandalia safari ya kurudi.

Kwa sababu hiyo ninaunga mkono wazo lililo ndani ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2022: eneo la chini la bonde liachiwe mto, liwe bustani ya wananchi inayoweza kufurika bila kuua mtu, na barabara ya Morogoro ipite Jangwani juu ya daraja refu zaidi. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa hapo Jangwani na kufurika mara kwa mara, imepangiwa kuhamishwa. Ninachosisitiza ni kwamba wapangaji wasisahauliwe fidia inapozungumzwa, na kwamba wenyeji washirikishwe mapema. Uwezo wao ulionekana katika Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakiweka kwenye ramani mitaro, vichochoro na sehemu ambazo maji hufika.

SWALI: Sisi wa Pugu tuko juu na hatufurikiwi. Tunahusikaje?
Msomaji, Pugu

JIBU: Mnahusika sana. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000, yaani tangi zima ambalo lingewafaa wakati wa kiangazi. Yakingeni maji hayo, na sehemu ya ua ibaki udongo wenye nyasi na miti badala ya kusakafiwa yote. Mchanga usichimbwe ndani ya vijito wala kwenye kingo zake, kwani ukingo uliolegezwa hubomoka na kuishia Jangwani. Kuhusu mitaro, isafisheni kabla ya masika ya Machi, na serikali ya mtaa iagize gari la kuzoa tope siku hiyo hiyo, kwa kuwa tope linaloachwa pembeni mwa mtaro hurudi humo kwa mvua ya kwanza.