Jibu: Mwezi wa kitabuni unakunywa uji, mtoto ataamini?

Dada, umeuliza kama kitabu chenye mwezi unaolia na kunywa uji kitampotosha mwanao wa miaka 4. Hakitampotosha. Muulize tu, "Na ule wa nje una mdomo?" Wangu alicheka mpaka akapaliwa.

Mimi kinachonisumbua ni picha. Vitabu vingi vya Ulaya huchora mwezi mchanga umesimama wima kama mundu. Huku Moshi, karibu na ikweta, mara nyingi tunauona umelala chali kama mtumbwi. Siku mbili tatu baada ya kuandama, mtoe uani jua likishazama, mtazame magharibi, upande wa Mlima Meru (mawingu yakiruhusu, unayajua ya huku kwetu). Kisha mpe karatasi achore mtumbwi wake na nani kapanda.

Kuhusu mwanga, zima taa. Tochi ya simu ndiyo jua, chungwa ndilo mwezi. Alishike mbele ya uso, ageuke polepole, aone sehemu yenye mwanga ikikua na kupungua. Habari za siku 29 na nusu, kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine, mwachie mwalimu wake baadaye.