Wanaume wana baraza, bibi zetu wana nini?

Swali lenu la wiki limeuliza: "Je, wazee wa mtaani kwenu wanahitaji kituo chao? Kifanye shughuli gani, na pesa zitoke wapi?" Najua wengi watajibu kwamba kituo cha wazee ni mambo ya Ulaya, mzee wa Kiswahili ana watoto wake, ana msikiti wake na ana baraza lake. Mimi naandika kutoka Langoni, Lamu, na nasema jibu hilo ni kweli kwa upande mmoja tu, upande wa wanaume.

Baba zetu kweli hawana shida ya pa kwenda. Baada ya alasiri nenda Mkunguni, pale mbele ya Ngome, utawakuta wamekaa. Kahawa inapita, habari za mji zinapita, na bao limewekwa katikati. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri huhesabu kichwani kete zitaishia wapi kabla hajaokota hata moja. Nimemwona mzee ambaye nyumbani husahau kama ameshakula, lakini akikaa kwenye bao anakukumbusha ulivyocheza vibaya juzi. Wengine wana kofia mkononi, sindano inaingia na kutoka huku mdomo ukiendelea na mazungumzo. Hakuna aliyewaandikisha wala kuwapangia ratiba. Kituo wanacho, hakina paa tu.

Sasa mke wa mzee huyo yuko wapi saa hiyo? Yuko orofani. Nyumba zetu za mawe tunazisifu, na tangu 2001 mji wetu mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia, lakini ngazi zake ni za mtu mwenye magoti. Bibi akishaanza kuumwa na magoti, kushuka kunakuwa safari, na kupanda ni safari nyingine. Mashoga aliokuwa akitembeleana nao, wengine wamekufa, wengine wamechukuliwa na watoto wao Mombasa. Mkaza mwana yuko kazini. Harusini anaalikwa bado, ila harusi si kila siku. Basi anabaki na televisheni na tamthilia ambazo hata majina ya wahusika hayashiki.

Ndiyo maana nasema, kituo kikija Lamu kianze na wanawake. Wanaume watafuata wenyewe, maana watataka kujua wake zao wanacheka nini.

Wala tusianze na kujenga. Kila likitajwa jambo la wazee, mtu anachomoa ramani ya jengo. Vyuo vyetu vya Qur'ani vina vyumba vya chini ambavyo asubuhi za siku za shule havina mtu, watoto wako darasani. Kuanzia saa tatu hadi karibu na adhuhuri, chumba kimoja chenye mikeka na viti vichache vyenye mgongo kinatosha kabisa. Nasisitiza viti, kwa sababu kuna bibi akikaa chini hainuki mpaka ainuliwe na watu wawili, naye huona haya, kwa hiyo haji tena. Na choo. Watu wa miradi huuliza wazee wanapenda shughuli gani. Wazee wenyewe huuliza choo kiko wapi, na kama ni cha kukaa au cha kuchutama.

Masomo? La kwanza kabisa ni simu. Aliyetimiza miaka 70 na kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa kuwasaidia wazee, ana shilingi 2,000 za Serikali kila mwezi. Bima ya afya nayo, tangu SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani, mwezi wa Oktoba 2024, kujiandikisha kwake ni kubonyeza *147# na kujibu maswali. Bibi hajui kubonyeza. Nambari yake ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa pindoni mwa leso, na kila pesa zikiingia huitwa mjukuu. Wajukuu wengi ni waaminifu, Mungu awabariki. Lakini mmoja namjua alitoa elfu moja akamwambia bibi yake ametoa mia tano, na bibi akamshukuru na kumpa hamsini ya soda. Somo la kwanza basi lisiwe intaneti wala picha. Liwe hili: kukuza maandishi ya simu, kusoma salio, na kubadilisha nambari ya siri bila kumwita mtu. Mwalimu awe msichana mvumilivu wa kidato cha nne aliyemaliza mtihani, si kijana wa haraka anayekunyang'anya simu akisema "lete nikufanyie".

Mazoezi ya viungo yanahitaji busara. Siku moja waliletwa wataalamu wakawapanga wazee mistari, wakawaambia wanyanyue mikono na kuishusha. Bibi mmoja jirani yangu akaketi, akasema, "Mwanangu, mimi sikuya kurukishwa." Bibi huyo huyo ukimpa pembe na kijiti, ukamwanzishia nyimbo za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, atasimama, atayumba, atapiga na kuimba mpaka jasho limtoke, na ukimwambia hayo ni mazoezi atakucheka. Beti za zamani anazo yeye, wasichana wa leo harusini wanashika kiitikio tu. Hapo zoezi limepatikana, na somo la wasichana pia.

Kwa kweli mambo mengi katika kituo hicho wazee wawe walimu, wasiwe wanafunzi. Mchukue mfungaji wa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Asmini huchumwa jioni ingali imefumba, kwa sababu hufunuka usiku, na anayefunga hana muda wa kupoteza. Macho yake hayaoni tundu la sindano, mtoto ndiye anayemtungia uzi, lakini baada ya hapo vidole vinajua vyenyewe: asmini, rihani, kipande cha mkadi, fundo, kingine. Asmini kubwa huisikia kwa kidole akaiweka mbele. Kazi hii watu wanainunua, na wanaoijua wanapungua. Kusuka ukili wa mikeka vilevile, ingawa hapo watu wa kijiji cha Kipungani wanatushinda na ni heri tuwaalike watufunze.

Tukija kwenye pesa, hapa nina maneno. Kila tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee duniani, nimezoea kuona hema, viti vya plastiki, fulana zenye maandishi na mgeni rasmi aliyechelewa. Wazee hukalishwa juani, hupigwa picha wakipokea unga, kisha hema hukunjwa. Harambee nayo ina utamu wake, lakini ni mvua ya siku moja: inaleta bati, hailipi umeme wa mwezi wa saba. Na mwenye kutoa nyingi hutaka jina lake ukutani, na akishindwa uchaguzi, kituo nacho kinahesabiwa kuwa cha upande wake.

Mimi naamini vyama vya wanawake. Chama ninachokiingia hukutana kila wiki, kila mtu anatoa kiasi alichokubali, daftari husomwa kwa sauti mbele ya wote, na kuna mweka hazina ambaye hata dada yake haruhusiwi kumkopa. Chama cha namna hiyo kikitenga kidogo, na mwezi wa Ramadhani kikauza futari, mambo yanakwenda. Sambusa, kaimati, mkate wa sinia, kila nyumba hununua. Mfungo Sita mji unajaa wageni wa Maulidi, na hao ndio wanunuzi wa kofia, vikuba na achari ya maembe. Aliyeshona alipwe kwanza, na sehemu iliyokubaliwa iende kituoni. Tusije tukawafanyisha wazee kazi za bure halafu tukaita ni mchango. Mwenye duka au chumba asichokihitaji, anajua mlango wa wakfu uko wazi, wazee wetu wa zamani waliutumia sana.

Serikali siitoi lawamani. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka ihakikishe kuwa wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima na wanapata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali yenyewe. Mzee kwa Katiba hiyo ni aliyepita miaka 60, kwa hiyo hata mimi nimo, nikipenda nisipende. Kaunti ituletee muuguzi mara moja kwa mwezi apime presha na sukari, na itutengenezee ngazi za gatini ambazo maji yakitoka zina utelezi wa kumvunja mtu nyonga. Hayo hatuwezi kuyafanya kwa kaimati.

Wa vijiji vya Shela na Matondoni wasiambiwe waje mjini. Kumpandisha bibi wa miaka 80 mashuani ili akasuke mkeka si hisani. Kila mahali pawe na chumba chao.

Mwalimu wa chuo cha jirani yetu nimeshamsemesha, amekubali asubuhi mbili kwa wiki, na funguo zitakaa kwa mkewe. Viti tutaazima vya harusi. Kilichobaki ni choo cha kukaa. Fundi ametaja bei, daftari letu halijaifikia, na Ramadhani bado iko mbali, kwa hiyo tumeamua sambusa zianze Ijumaa hii.

Mwalimu mstaafu, Langoni, Lamu