"Dada, usimwambie mtu"

Mwaka wa pili chuoni nilichaguliwa kuwa mshauri rika wa ghorofa yetu ya bweni. Nilidhani kazi yenyewe ni kuamua ugomvi wa soketi za kuchajia simu na kuwaelekeza wa mwaka wa kwanza madarasa yaliko. Na kweli, siku nyingi ilikuwa hivyo.

Usiku mmoja, saa sita hivi, mlango ukagongwa. Alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, mpole, wa kusalimia na kupita. Alikaa ukingoni mwa kitanda na chupa ya maji mkononi, akawa anaibandua karatasi yake kipande kwa kipande. "Dada, nikikwambia kitu, hutamwambia mtu?" Nikajibu harakaharaka: "Hata kidogo. Siri yako ni yangu."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Aliniambia amechoka kuishi. Hakulia, aliyasema huku akiitazama ile chupa. Nami kwa hofu nikaanza kuhubiri: mbona una akili, mbona wazazi wanakupenda, mbona wapo wenye shida kuliko zako. Akaitikia "ndiyo, dada", akakusanya vile vipande vya karatasi kiganjani, akaaga. Nilidhani nimemtuliza. Kumbe nilimnyamazisha.

Siku mbili nilipita mlangoni kwake kwa kisingizio cha kuazima kikokotoo, nikitega sikio kama kuna sauti ndani. Siku ya tatu nikashindwa, nikaenda kwa mlezi wa wanafunzi nikamweleza yote. Binti alipata msaada, lakini alininunia wiki kadhaa, na alikuwa na haki. Nilimwahidi kitu ambacho hakikuwa changu kuahidi.

Siku hizi mtu akiniomba siri namjibu hivi: "Mambo yako sitayatangaza, hata mwenzako wa chumba hatayasikia kwangu. Ila nikiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, nitatafuta wa kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua." Wapo waliokaa kimya kidogo baada ya kusikia hayo. Kisha wakasema.

Kingine ni kuuliza waziwazi. Wengi tunaogopa kulitamka neno kujiua tukidhani tutampandikizia mtu wazo. Shirika la Afya Duniani limeshalisema hili: kuuliza hakumsukumi mtu huko, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Tena usimzunguke kwa "huwazi mambo ya kijinga, sivyo?" Swali la namna hiyo limeshabeba jibu lake, atasema hapana ili asikuangushe. Uliza: "Unafikiria kujiua?" Halafu funga mdomo, hata kimya kikikuchoma.

Akisema ndiyo, muulize kama ameshapanga, na kama alichokusudia kutumia anacho karibu. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwa dakika tano za kwenda kumwita mtu. Piga simu ukiwa naye, mwingine aje, na kitu hicho kiondolewe pale alipo. Namba ya dharura, ya zahanati ya chuo na ya mlezi ziwe kwenye simu yako mapema. Usiku wa manane mikono inatetemeka, si wakati wa kuanza kutafuta namba.

Wengi hawajafika huko, tusitishane. Ni mitihani, ada, msiba nyumbani, au mpenzi aliyeondoka bila kuaga. Hao wanahitaji sikio zaidi ya ushauri. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa shirika hilohilo, uliotoka mwaka 2011, una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kutazama ni kumwona yule aliyeacha kuoga, aliyeacha kuja darasani, au anayegawa vitu vyake bila sababu. Hali kama hiyo ikiendelea wiki mbili, usiseme ni uvivu. Na aliyekuwa na majonzi muda mrefu akawa mtulivu ghafla, usikimbilie kushangilia. Msogelee, umuulize.

Ila ni kwenye kuunganisha tunakozembea sana sisi viongozi. Tunasema "nenda kamwone mshauri nasaha", tukahesabu kazi imekwisha. Mtu ambaye kutoka kitandani tu ni mlima, atakwenda vipi? Mwambie "twende wote". Nimewahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mshauri dakika arobaini, nikijifanya nasoma daftari, mwenzangu akiwa ndani. Alipotoka hakuniambia walichozungumza na sikumuuliza. Tulirudi tukibishana kuhusu kazi ya kikundi.

Ile siku ya tatu, nilipomaliza kueleza, yule mlezi aliniuliza: "Na wewe umelala lini mara ya mwisho?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikashindwa, nikaanza kulia palepale ofisini kwake. Jioni hiyo alituita washauri rika wote akatupangia zamu. Usiku usio wangu nazima simu saa nne, na mlangoni nabandika kikaratasi chenye namba ya chumba cha mwenye zamu.