P0135: pima hita kwanza, sensa baadaye
Kaka wa Shangani uliyeuliza kama ununue sensa mpya, pole na hiyo taa ya injini iliyowaka. Mashine ya kupima gari kusoma msimbo P0135 maana yake saketi ya hita (kipasha joto kilicho ndani) ya sensa ya oksijeni ya mbele, ile ya kwenye bomba la ekzosi, ina hitilafu. Si lazima sensa imekufa, kwa hiyo fundi asikuharakishe kununua.

Anza na fyuzi. Kisha, ekzosi ikiwa imepoa, chomoa soketi ya sensa uiangalie ndani. Huku kwetu Mtwara hewa ya chumvi inaotesha kutu ya kijani kwenye pini, na mara nyingi shida ni hiyo tu. Pini zikiwa safi, chukua multimita upime zile waya mbili za rangi moja upande wa sensa; kwa kawaida ndizo za hita. Ukipata omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache, tuseme 2 hadi 20 kutegemea gari, hita ni nzima. Isiposoma kabisa, imekatika, badilisha sensa. Ya mtumba siishauri, hita yake nayo imeshachoka.

Hita nzima lakini msimbo P0135 unarudi? Mwite fundi umeme afuatilie volti 12 zinazokwenda kwenye hita na waya wa kompyuta ya injini. Tafadhali usiunge hita moja kwa moja kwenye betri.