Discovery haikufika na Arabsat-1B kilomita 36,000

Kuna anayedhani Discovery, chombo cha anga cha NASA (shirika la anga la Marekani), kilipanda chenyewe na Arabsat-1B, satelaiti ya mawasiliano ya nchi za Kiarabu, mpaka kilomita 36,000 ilikotakiwa kukaa. Hapana, vile vyombo vya NASA vya kwenda na kurudi vilikuwa vinaishia kilomita mia kadhaa tu juu ya dunia, havikuwa na mafuta ya kufika huko. Kwenye safari ile ya Juni 1985, STS-51-G, ndo aliyokuwemo Sultan bin Salman wa Saudia, Mwarabu wa kwanza kwenda angani, satelaiti ilizungushwa kwanza kama pia ya watoto, pale pale sehemu ya mizigo ya Discovery ili isiyumbe, springi zikaisukuma nje, Discovery ikasogea mbali, halafu kama dakika 45 baadaye roketi ndogo iliyofungwa chini yake, PAM-D, ikawaka na kuirusha juu. Na hapo bado, ilikuwa inapita njia ya duara lililorefuka, injini ya satelaiti yenyewe ndo ikamalizia kazi. Satelaiti nyingine mbili, Morelos 1 ya Meksiko na Telstar 3D ya Marekani, zilitolewa hivyohivyo safari hiyohiyo. Ila PAM-D ilikuwa ya satelaiti nyepesi, zile nzito za mawasiliano za NASA, TDRS, zilizopanda na vyombo hivyo zilibebwa na roketi ya hatua mbili, IUS.